Deni Letu kwa Kuku

Huenda msomaji, akiisha kuona kichwa cha makala haya, atatabasamu na kuuliza: Je, gazeti limekosa la kusema? Wako watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada, wako wagonjwa wasio na nauli ya kwenda hospitali, wako wajane walionyang'anywa mashamba na ndugu za marehemu. Nanyi mwatuletea habari za kuku? Swali hilo ni la haki, wala hatulipuuzi. Lakini twaomba tuvumiliwe kidogo, maana jambo tunalotaka kulitazama leo haliko mbali na hayo kama linavyoonekana.

Katika nyumba nyingi za nchi yetu, kuku ndiye kiumbe hai wa kwanza ambaye mtoto hupata mamlaka juu yake. Mtoto hana amri juu ya baba yake, wala juu ya mwalimu, wala juu ya ng'ombe wa babu. Lakini kuku aweza kumkamata na kumwachilia, kumpa maji na kumnyima, kumfunga kamba na kumfungua. Hapo, kabla hajajua kusoma, huanza kujifunza namna ya kumtendea aliye chini ya mkono wake. Somo hilo akilishika vibaya, yafaa tujiulize atakwenda kulisahihishia wapi.

Basi swali letu ni hili: Je, mtu aweza kudaiwa kitu na kiumbe ambaye kesho atamchinja na kumla? Wako wanaosema haiwezekani. Husema, ikiwa ni halali kumwua kuku, ambalo ndilo kubwa, itakuwaje haramu kumfunga miguu, kumbana bandani, au kumning'iniza kichwa chini, ambayo ndiyo madogo? Hoja hiyo yaonekana kuwa na nguvu. Lakini wahenga wetu walikwisha kutuachia neno linaloipinga: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tumezoea kulitumia neno hilo katika mabishano ya watu. Lakini tulichukue kama lilivyo. Lasema kwamba hata yule ambaye maisha yake yamo mikononi mwetu, na hata ikiwa tutayakatisha, liko jambo analostahili kupewa kwanza. Kumchinja hakufuti deni. Kwafanya tu siku za kulilipa kuwa chache.

Tuangalie kwanza mambo yenyewe yalivyo, maana hukumu isiyojua mambo ni ya ovyo.

Kuku wa kienyeji twamjua sote. Mchana huzurura na kuchakura, adhuhuri huoga vumbi kivulini, jioni hurudi bandani mwenyewe au hupanda mtini. Hutaga mayai kumi au kumi na matano, huyaatamia siku 21, kisha huongoza vifaranga wake na kuwafunika kwa mbawa zake mvua inyeshapo. Hatusemi kwamba maisha yake ni ya raha. Mwewe huwanyakua watoto wake, kicheche humvamia usiku, na kideri kikipita kijijini huweza kumaliza kuku wa kaya nzima kwa siku chache. Hata hivyo, shida zake nyingi humpata akiwa bado anaishi maisha ya kuku.

Kuku wa kisasa ni habari nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Kanada, waliwalea kwa chakula cha namna moja kuku wa mbegu iliyohifadhiwa tangu mwaka 1957 na kuku wa nyama wa mbegu ya mwaka 2005. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Katika siku ya 56, kuku wa mbegu ya zamani alikuwa na uzito wa gramu 905 kwa wastani. Wa mbegu mpya alikuwa na gramu 4,202. Yaani, katika muda usiofika miaka hamsini, binadamu amemfanya ndege huyu akue zaidi ya mara nne. Mtetea wa mayai naye hutaga mayai yapata 300 kwa mwaka, hali yule wa kienyeji hutaga hamsini hivi. Katika dunia nzima kuku wanaochinjwa kila mwaka wamepita bilioni 70.

Hatusemi kwamba haya yote ni mabaya. Yai ambalo zamani lilikuwa chakula cha mgeni, leo hupatikana kwa mtoto wa mfanyakazi wa kawaida. Wako akina mama wengi ambao kwa banda moja la kuku wamejenga nyumba na kusomesha watoto, na vijana waliokosa ajira wamepata kazi ya heshima. Lakini faida hiyo ina gharama, na sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na kuku mwenyewe. Kuku wa nyama huuzwa akiwa na umri wa wiki tano au sita, naye amekua upesi kuliko miguu na moyo wake. Wengine hushindwa kusimama, wengine hufa ghafla. Kuku waliosongamana katika banda lenye maranda yaliyolowa hulala juu ya kinyesi chao, na hewa kali ya amonia huwachoma macho na mapafu, hata mtu akiingia hutokwa machozi. Katika joto la mchana hupanua midomo na kutweta. Wakibanwa wakakosa la kufanya, huanza kudonoana hata kutoana damu; ndipo mfugaji huwakata midomo kwa chuma cha moto, ijapokuwa ncha ya mdomo ina mishipa ya fahamu na huuma. Na katika nyumba za kutotoleshea mayai ya kuku wa kutaga, vifaranga wa kiume, kwa kuwa hawatagi wala hawanenepi upesi, huuawa siku ileile waliyozaliwa. Hesabu yao ulimwenguni ni mabilioni kila mwaka.

Tena kuna vizimba vya waya, vilivyopangwa safu juu ya safu, ambavyo siku hizi vyaingia pia katika miji yetu. Katika vizimba vya namna hiyo, hata pale sheria ya Ulaya ilipokuja kuweka kipimo, kila kuku alitengewa sentimita za mraba 550, eneo lililo dogo kuliko ukurasa wa karatasi ya kawaida ya kuandikia barua. Humo hawezi kutandaza mbawa, wala kuoga vumbi, wala kupata kiota cha kutagia. Twasema kwa Kiswahili kwamba mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Maana yake, kuchakura ni tabia aliyozaliwa nayo. Katika kizimba cha waya hakuna cha kuchakura. Amezaliwa na elimu ambayo hataitumia hata siku moja.

Mwingine atasema: Kuku hana akili, hajui analokosa. Lakini kila mwenye kuku ajua kwamba hilo si kweli. Mama kuku ana sauti moja ya kuita watoto kwenye chakula na sauti nyingine ya kuwaonya juu ya mwewe. Kifaranga hulia akiwa angali ndani ya yai, siku moja hivi kabla ya kutoka, na mama yake humwitikia. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwaka 1921, aliandika jinsi kuku wa kundi moja wanavyotambuana mmoja mmoja, kila mmoja akijua ni nani aliye juu yake na ni nani aliye chini yake. Kwamba kuku huogopa, huumia, huona kiu na hutamani kivuli, hilo halihitaji mtaalamu kulithibitisha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, ya mwaka 2008, nayo yataka kila anayeitumia azingatie kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia.

Sasa tuje kwenye hukumu. Hapa watu hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wale wanaomfanya mnyama kuwa kama kitu. Katika karne ya 17 Mfaransa René Descartes alifundisha kwamba mwili wa mnyama ni kama mtambo, na wako waliomfuata wakasema kwamba kilio cha mnyama ni kama mlio wa saa tu. Njia ya pili ni ya wale wanaomfanya mnyama kuwa sawa na mtu, hata katika nchi za matajiri wengine humwekea mbwa wao anasa ambazo maskini wa mlango wa pili hazijui. Kanisa halikufuata njia yoyote ya hizo mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika namba 2415 hadi 2418 kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Kwamba hata hivyo wao ni viumbe vya Mungu na twawiwa kuwatendea kwa wema. Kwamba kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Na kwamba si vema kuwatumilia fedha zilizopasa kuondoa kwanza taabu za watu. Papa Fransisko aliyakumbusha mafundisho hayo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Msomaji aliyetuuliza habari za wajane na wagonjwa ataona kwamba hajasahauliwa.

Lakini kwa nini iwe hivyo? Mtakatifu Thoma wa Akwino alitoa sababu moja mashuhuri: mtu aliyezoea kumhurumia mnyama huwa mwepesi wa kumhurumia mwenzake, na aliyezoea ukatili kwa mnyama huweza kuuhamishia kwa watu. Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini tukiishia hapo, kuku atakuwa ni kioo tu cha kujitazamia sisi, na maumivu yake yenyewe hayatakuwa na uzito wowote. Maandiko Matakatifu yakwenda mbele zaidi. Katika Torati, mtu aliyekuta kiota njiani alikatazwa kumchukua mama pamoja na makinda yake. Alipewa makinda, lakini mama ilikuwa lazima amwache aende. Kitabu cha Mithali chamtaja mwenye haki kuwa ni mtu anayeyajali maisha ya mnyama wake. Mungu, alipomweleza Yona kwa nini ameuhurumia mji wa Ninawi, hakuwataja watu peke yao. Aliwataja na wanyama. Na Bwana wetu aliposema habari za shomoro, ndege wa bei ndogo kuliko wote sokoni, hakusema kwamba hawana thamani kwa kuwa ni wa bei ndogo; alisema hakuna hata mmoja wao anayesahauliwa mbele za Mungu. Sokoni shomoro ana bei. Mbele ya Muumba wake ana nafasi. Mambo hayo mawili si mamoja, na mtu anayeyachanganya, leo ataanza na ndege, kesho atafika kwa kibarua wake.

Tunapotaja ukatili, kila mtu humfikiri mtu mwenye hasira, anayepiga na kufurahia kilio. Watu wa namna hiyo ni wachache, na majirani huwakemea. Lakini ukatili tunaousema leo hauna hasira. Mfugaji hamchukii kuku wake. Asubuhi na mapema huamka kumtilia maji. Mchuuzi anayewafunga kuku kumi miguu na kuwaning'iniza kwenye baiskeli au pikipiki kichwa chini kwa mwendo wa saa tatu, moyoni mwake hana uovu, anawahi soko. Mama anayemnunua hana neno na kuku huyo. Anatafuta wa bei nafuu. Hakuna hata mmoja aliyekusudia mateso, na mateso yapo. Yameletwa na hesabu: kuku watano zaidi katika banda lilelile, safari moja badala ya mbili, shilingi mia tano pungufu kwa kila kuku. Kila hatua ni ndogo, na kila mtu amtazama mwenzake akisema, mimi si niliyeanza. Dhambi ya namna hiyo ni ngumu kuitambua, maana haina mwenyewe. Lakini jambo lisilo na mwenyewe ni la wote walioshiriki faida yake, nasi tunaokula tumo katika hesabu hiyo.

Sasa twafika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, nalo ni umaskini. Mjane mwenye banda la mita ishirini za mraba, ambaye kwa kuku wake analipia ada ya watoto watatu, akiambiwa na wataalamu asizidishe kuku wa nyama kumi kwa kila mita ya mraba, atafanya hesabu. Mia mbili ni ada ya watoto wawili. Mia tatu ni ya watatu. Nani kati yetu atasimama mbele yake na kumwambia kwamba amtoe shule mtoto mmoja kwa ajili ya kuku?

Hatutaki kulijibu swali hilo kwa maneno mepesi. Wengine humjibu kwamba akipunguza kuku atapata faida zaidi, kwa kuwa magonjwa na vifo vitapungua, na dawa za kununua pia. Mara nyingi ni kweli, na afisa mifugo atamwonyesha. Msongamano huleta magonjwa, magonjwa huleta dawa, na dawa zikitumiwa ovyo hufanya vijidudu kuwa sugu hata kwetu sisi wanadamu. Lakini si kweli siku zote. Iko siku ambapo kubana kuku, hata baada ya kuhesabu waliokufa, huleta fedha zaidi. Tukimfundisha mtu kwamba wema hulipa sikuzote, siku usipolipa atauacha. Heri tuseme wazi kwamba iko haki ambayo ina gharama.

Ila gharama hiyo yampasa nani? Hapa ndipo tunapomtofautisha mjane na mwenye mabanda kumi. Kanisa hufundisha kwamba haifai kumtesa mnyama bila lazima. Na lazima ya mtu anayetafuta ada si sawa na lazima ya mtu anayetafuta gari la pili. Mjane akifanya lile analoliweza, maji safi, maranda makavu, hewa ya kutosha, amelipa sehemu kubwa ya deni lake, na yaliyobaki twawiwa sisi wanunuzi. Maana anayemlazimisha kubana ni bei, na bei hutoka mifukoni mwetu. Mtu anayeagiza kuku mia kwa arusi, akapigania kila shilingi mpaka mfugaji akose hata ya chakula cha mifugo, asije akanyosha kidole kwenye banda lililosongamana. Yeye ndiye aliyelisonga.

Tena tusijifiche nyuma ya umaskini katika mambo ambayo hayana gharama. Kumshika kuku kwa kumkumbatia badala ya kumbeba kwa miguu hakugharimu kitu. Tenga la fito huweza kudumu muda mrefu, na bei yake ni ndogo. Kisu kunolewa hakuhitaji mkopo. Mengi ya mateso ya kuku wetu hayatoki katika uhaba wa fedha. Yatoka katika kutofikiri.

Hatari ya kutofikiri ilionekana wazi mwaka 2017. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, huko Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria walikamatwa na kuteketezwa kwa moto. Magazeti yaliandika kwamba waliteketezwa wangali hai. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia mafua ya ndege. Twakiri kwamba serikali ina haki na wajibu wa kuzuia magonjwa mipakani, na mtu anayevunja sheria kwa faida yake ndiye wa kwanza kulaumiwa. Huenda vifaranga hao ilikuwa lazima wafe. Lakini lazima ya kuua si ruhusa ya kuua kwa namna yoyote. Watu wengi wa nchi zote mbili walisikitika, wala hawakuwa watu waliokataa kula kuku. Walisikitika kwa sababu walihisi kwamba mnyonge alinyongwa, na haki yake hakupewa.

Wenzetu wa nchi nyingine wametangulia katika makosa haya, na pia katika kuyasahihisha. Mwaka 1964 mama mmoja Mwingereza, Ruth Harrison, alichapisha kitabu Animal Machines kuonyesha jinsi wanyama walivyofungwa katika mashamba ya kisasa ya nchi yake. Serikali yake iliunda kamati chini ya Profesa Brambell, iliyotoa taarifa mwaka 1965. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1979 yaliandikwa mambo matano ambayo leo hutajwa kila mahali: mnyama asiteseke kwa njaa na kiu, asikose mahali pa kukaa panapofaa, asiachwe katika maumivu na maradhi, asiishi katika hofu, na apate nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Uswisi iliondoa vizimba vya waya kufikia mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu kuanzia tarehe 1 Januari 2012, ingawa bado waliruhusu vizimba vikubwa kidogo vyenye kiota na fito za kulalia. Ujerumani imekataza kuwaua vifaranga wa kiume wa kuku wa mayai tangu mwanzo wa mwaka 2022.

Hatuyataji haya ili kuwasifu wageni, maana wao ndio waliobuni vizimba hivyo. Twayataja kwa sababu moja. Wakati wenzetu wanavitoa mabandani mwao, sisi twaanza kuviingiza katika mabanda yetu na kuviita maendeleo. Bado hatujachelewa. Ufugaji wetu wa kisasa ungali kijana, na mabanda mengi yangali ya sakafu na maranda, ambamo kuku aweza kutembea na kuchakura. Si lazima tupite katika kosa lote ndipo tujifunze kutubu.

Kwa hiyo twatoa mashauri machache, ambayo kila jamaa yaweza kuyashika.

Kwanza, juu ya kusafirisha. Kuku asafirishwe katika tenga lenye nafasi na hewa, asubuhi au jioni, si jua la saa sita. Mnunuzi akiona kuku waliofungwa na kuning'inizwa, aseme neno kwa upole, na ikiwezekana amnunue kwa yule mchuuzi mwenye tenga. Mchuuzi hujifunza upesi kwa mnunuzi.

Pili, juu ya banda. Mfugaji asijaze banda kwa kadiri ya vifaranga alivyovipata. Kwanza aulize banda laweza kubeba wangapi watakapokuwa wakubwa. Kifaranga wa siku moja hulaghai macho. Maranda yaliyolowa yatolewe, maji yasikauke, madirisha ya wavu yapitishe upepo. Anayefuga wa mayai aweke viota na fito za kulalia. Vyaweza kutengenezwa kwa mbao chakavu na miti ya porini.

Tatu, juu ya maradhi. Iko chanjo ya kideri itiwayo tone moja tu jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Kijiji kinachopatana na kuchanja kuku wote siku moja chaokoa mali, tena chaepusha kifo kibaya. Kuku aliyevunjika mguu au aliye mahututi asiachwe pembeni siku tatu ajifie; kumchinja upesi ndiyo huruma aliyobakiwa nayo.

Nne, juu ya kuchinja. Kisu kiwe kikali, mkono uwe mwepesi, na kuku asitumbukizwe katika maji ya moto kabla hajakata roho, jambo ambalo kwa haraka ya sokoni hutokea. Ndugu zetu Waislamu wamefundishwa na dini yao kwamba achinjaye anoe kisu chake na asimzidishie mnyama taabu. Katika hili tushindane nao kwa wema.

Tano, na ndilo kubwa, juu ya watoto. Mtoto akimfukuza kuku kwa mawe, asichekewe. Akipewa kazi ya kuwatilia kuku maji, aulizwe jioni kama ameitimiza, sawa na anavyoulizwa habari za masomo yake. Baba anayemchinja kuku mbele ya mtoto na afanye kwa utulivu na heshima, pasipo mzaha, ili mtoto afahamu kwamba uhai umechukuliwa ili jamaa ipate kula. Tukibariki chakula mezani twamshukuru Mungu kwa vipaji vyake. Itakuwa shukrani ya namna gani, ikiwa kipaji chenyewe kiliteswa mikononi mwetu tangu siku kilipofika?

Kuku hawezi kutushtaki barazani, wala kugoma, wala kuandika barua kwa gazeti hili. Kwa sababu hiyo anatupima kuliko wengi wanaoweza. Haki tunayompa mwenye nguvu huenda twaitoa kwa hofu, na haki tunayompa rafiki huenda twaitoa kwa kutazamia malipo; lakini ile tunayompa asiyeweza kudai ndiyo inayoonyesha kama tuna haki ndani yetu. Bwana wetu, alipotafuta mfano wa upendo wake kwa mji uliomkataa, hakumtaja simba wala tai. Alimtaja kuku akusanyaye vifaranga wake chini ya mbawa. Basi kila mwenye banda na aende jioni ya leo akalitazame, ahesabu kuku wake, apime nafasi yao, aonje maji yao. Na sisi tusio na banda, tukienda sokoni kesho, tuulize si bei tu, bali pia kuku huyu ameishije. Wauzaji wakilisikia swali hilo mara nyingi, litafika mpaka bandani.